Kujenga kijiji chenye shule katikati: kwa nini nimewaomba ndugu zangu wasianze na madarasa

#1 – Mtoa mada

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe linahusu ardhi ya marehemu baba na watoto wa watu, na vyote viwili vikiharibika havirudi.

Tuko ndugu sita. Mzee ametuachia ekari 40 kijijini kwetu, wilaya ya Ikungi mkoani Singida, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu kutoka barabara ya lami. Huu mwaka wa pili kila kikao cha ukoo kina hoja moja: tujenge shule binafsi, izungukwe na nyumba za walimu, duka, zahanati, na baadaye viwanja vya makazi. Kaka yetu mkubwa ana mchoro tayari. Madarasa saba, bweni mbili, uzio wa tofali na geti lenye jina la mzee. Mchoro ni mzuri sana, nimeutazama mpaka machozi yakanilenga. Lakini ni mimi niliyeomba tusubiri, na nimeonekana mkwamishaji.

Sababu ni hii. Nimefundisha shule binafsi miaka 11, minne ya mwisho nikishika pia daftari la ada. Shule sitaitaja, ilikuwa kijijini, mkoa mwingine, na kwa majengo ilikuwa imeipita ofisi ya kata mbali. Leo imefungwa. Watu walisema mwenye shule alikula hela. Si kweli, mimi ndiye nilikuwa naandika. Ukifungua lile daftari, Januari ni majina na mistari mitupu. Februari mzazi mmoja mmoja kaleta elfu ishirini, mwingine kaleta jogoo wawili na kuomba wahesabiwe. Machi hakuna kitu. Kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Agosti kurasa zinajaa wino mpaka pembeni, maana alizeti imevunwa, imepigwa, imeuzwa.

Shule inafunguliwa Januari, mkulima anapata hela Julai. Shimo lilikuwa hapo. Mwenye shule alikuwa anawarudisha watoto nyumbani Februari, mwezi ambao nyumbani hakuna hata debe la mtama. Mtoto akikaa nyumbani wiki tatu, baba yake anampeleka shule ya serikali, na kuanzia 2016 huko hakuna ada. Julai hela ikipatikana, mtoto hayupo tena kwetu. Walimu nao, mishahara ikichelewa miezi miwili, walikuwa wanasubiri tu ajira za serikali zitangazwe. Zikitangazwa, Jumatatu unakuta hesabu na sayansi hazina mtu.

Kwa hiyo wazo langu ni kwamba shule isitegemee ada kama mhimili. Iwe katikati ya vitu ambavyo kijiji kinavihitaji hata kama shule isingekuwepo: maji, ghala, mashine ya kukamua alizeti, karakana ya useremala na uchomeleaji. Vitu hivyo vijiendeshe na viilishe shule. Ada ilipwe msimu wa mavuno, na anayetaka alipe kwa magunia.

Hesabu moja nimeifanya. Watoto 200 wa kutwa, kila mmoja gramu 150 za unga wa dona na gramu 50 za maharage mchana. Ni kilo 30 za unga na kilo 10 za maharage kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Unapata kilo 5,820 za unga, yaani magunia 58 ya kilo mia na kidogo, na maharage kilo 1,940. Hicho ni chakula ambacho wazazi 200 wanaweza kukileta wenyewe mwezi wa saba bila mtu kuuza mbuzi. Kikinunuliwa Februari sokoni, bei ni nyingine kabisa.

Sasa jambo lililonifanya niandike leo. Mwezi uliopita tulipata nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji tueleze nia yetu. Kaka alitandaza mchoro juu ya benchi, chini ya mkuyu, akaueleza vizuri. Watu wakapiga makofi. Halafu bibi mmoja aliyekaa nyuma kabisa, kiremba cha bluu, akanyanyuka akaja mbele. Hakuutazama mchoro. Alichukua kijiti akachora chini kwenye vumbi: hapa kwa marehemu, hapa korongo, hapa nyumba zetu. Akavuta mstari kutoka kwenye nyumba mpaka korongoni. Akasema, "Wanangu, uzio wenu umepita juu ya njia yetu ya maji. Mtatuwekea mlango, au tutaruka?"

Hakuna aliyecheka. Kiangazi wanawake wa upande ule wanafukua maji kwenye mchanga wa lile korongo, na njia inakatiza ekari zetu tangu kabla hatujazaliwa. Sisi sita, wote tumekulia pale, hakuna aliyeiona kwenye mchoro.

Naomba michango ya waliowahi kuona jambo kama hili likisimama au likianguka. Msiniwekee maneno ya kunifariji.

#2 – Mdau, Songea

Mkuu, heshima yako. Unachokitafuta kilishajaribiwa huku kwetu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na ni vizuri ukakijua kwa undani.

Litowa, karibu na Peramiho. Mwanzoni mwa miaka ya sitini vijana wa chama tawala, TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini kufungua shamba la pamoja. Mwanzo ulikuwa mgumu, njaa na ugeni wa kazi, wengi waliondoka. Waliobaki ndio waliokijenga kijiji. Baadaye vijiji vingine vikajiunga wakawa na umoja wao, Ruvuma Development Association. Mshauri wao alikuwa Mwingereza, Ralph Ibbott, aliyeishi pale pale na familia yake.

Kwa mada yako, kikubwa ni shule. Ilikuwa shule ya vijiji vyote vya umoja. Watoto wa vijiji vya mbali walikuwa wanalala Litowa na wanalima chakula chao, na wanachofundishwa darasani kilikuwa kinatoka kwenye maisha ya kijiji. Mwalimu Nyerere aliipenda sana ile kazi, na ukisoma Elimu ya Kujitegemea, andiko lake la 1967, unaiona Litowa ndani yake. Umoja ulikuwa na mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, maji waliyavuta kutoka mlimani kwa mteremko. Yaani hilo wazo lako la vitu vya kuilisha shule.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikauvunja umoja. Mali zikachukuliwa, walimu wakahamishwa shule mbalimbali. Wana-Litowa hawakushindwa kilimo wala elimu. Walikuwa wanajiamulia mambo yao, na wakubwa wa mkoa hawakupenda.

Ninachokuomba ujifunze hapo: kitu kizuri ambacho nguvu yake iko kwa kikundi kimoja kilichobeba imani ya kiongozi mmoja wa juu, kinang'oka siku moja. Hakikisha halmashauri ya kijiji, kata na wilaya wana sehemu yao kwa maandishi, na hakikisha pia hakuna mmoja wao anayeweza kukifunga peke yake.

#3 – Mdau, Dodoma (sekta ya ardhi)

Swali fupi kwa mtoa mada kabla hatujaenda mbali. Hizo ekari 40 ziko kwa jina la nani?

#4 – Mtoa mada

Mkuu wa #3, jina la marehemu mzee. Hakuna hati. Majirani wote wanajua mipaka, kuna minyaa upande wa mashariki na mawe upande wa korongo.

Wa #2, asante sana. Nilikuwa nasikia Litowa kama jina tu.

#5 – Mdau, Dodoma (sekta ya ardhi)

Basi mko mwanzo kabisa, na ni afadhali kuliko kuwa katikati mmekosea.

Hiyo ni ardhi ya kijiji, inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Kwanza fungueni mirathi, msimamizi apatikane kisheria. Ndugu sita wanaopatana leo wana watoto, na watoto wa ndugu sita hawapatani. Halafu ombeni hati ya hakimiliki ya kimila. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, kwa hiyo muhtasari wa mkutano, na mahudhurio yenye sahihi, ni kitu cha kutunza kama roho yenu. Nimeona miradi ikifia mahakamani kwa sababu muhtasari uliandikwa jioni nyumbani kwa mtu.

Ulizeni pia kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi. Kuna sheria yake, ya 2007. Kama upo, angalieni eneo lenu limepangiwa nini: kilimo, malisho, makazi? Kama haupo, kuuandaa kwa pamoja ni nafasi yenu nzuri sana. Ile njia ya bibi, njia ya mifugo, eneo la kuzikia, msitu wa kuokota kuni, vyote vinachorwa pale na watu wote wakiona. Baada ya hapo hakuna mtu wa kuja kusema shule imemeza njia.

La mwisho: shule isiwe mali ya ndugu sita. Undeni bodi ya wadhamini, isajiliwe RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), ardhi ya shule iwe chini ya bodi. Hapo hata mmoja wenu akiwa na deni benki, darasa halipigwi mnada.

#6 – Mdau, Mbeya (mwalimu wa kike)

Kaka, nimesoma mchoro wenu kwa maelezo yako na sijaona choo. Umetaja geti, hujataja choo. Nakuambia kwa upendo.

Mwongozo wetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa watoto 200, nusu kwa nusu, ni matundu matano ya wasichana na manne ya wavulana, bila ya walimu. Kiwepo chumba cha kubadilishia chenye maji ndani, mlango unaofungwa kwa ndani, na mahali pa kuchomea taka. Nimefundisha shule ambayo binti wa darasa la sita na la saba walikuwa hawaonekani siku nne tano kila mwezi. Tulidhani ni utoro. Mwalimu mmoja mzee akasema nifuatilie nao taratibu. Choo kilikuwa na pazia la kiroba, basi. Tulipoweka mlango na ndoo ya maji, mahudhurio yakabadilika muhula ule ule. Mlango wa mbao na bawaba mbili tu.

Na hilo la bweni mlifikirie upya. Bweni linataka matroni analala pale, taa usiku, maji ya kuoga, na mtu wa kuamka saa nane mtoto akiumwa. Bweni la kienyeji ni hatari kwa watoto, hasa wadogo. Kama watoto wa mbali ni wachache, familia za kijiji zinazoaminika zinaweza kuwapokea, kwa makubaliano ya maandishi na ukaguzi wa kushtukiza. Hata hivyo bado ni jambo la kuangaliwa kwa macho mawili.

#7 – Mdau, Singida mjini (maji)

Nimekuwa kwenye mambo ya visima miaka mingi, tena mkoa huo huo. Niseme machache.

Mvua yenu ni kama milimita 600 hadi 700 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Milimita moja ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Darasa lenye paa la mita 10 kwa 8 ni mita 80 za mraba. Piga mara 600, ondoa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 38,400 kwa darasa moja kwa mwaka. Madarasa sita ni lita 230,400. Mtoto wa kutwa mpe lita 5 kwa siku: watoto 200 kwa siku 194 ni lita 194,000. Kwa karatasi mmetosheka.

Kwa kweli hamjatosheka, kwa sababu mvua inakatika Aprili na watoto wako shuleni mpaka Desemba. Lazima uwe na mahali pa kuyaweka. Matangi ya kuhifadhi lita laki moja na zaidi ni gharama kubwa. Kwa hiyo mvua itawasaidia, lakini kisima kirefu kinabaki.

Na hapo kwenye kisima ndipo naomba msikilize. Mkoa wetu una maeneo yenye floridi nyingi chini ya ardhi. Mnawaona watu wenye meno ya kahawia yaliyochorwa michirizi? Hayo ni maji, wala si uchafu. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ukizidisha sana, kwa miaka, inafika kwenye mifupa. Meno ya mtoto yanaharibika akiwa bado mdogo, yakiwa yanajengeka ndani ya fizi, na huwezi kuyarudisha. Sasa wewe unataka kukusanya watoto 200 wanywe kisima kimoja miaka saba mfululizo. Pima maji kabla ya kuchoma tofali la kwanza. Floridi ikiwa juu, maji ya kisima yawe ya kufulia, kudeki na bustani, na ya mvua yafungiwe yawe ya kunywa na kupikia tu. Hapo lita zenu za bati zinageuka kuwa dhahabu.

Utaratibu wa kuchimba unapitia Bodi ya Maji ya Bonde kwa kibali, na RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya muongee nao mapema. Msijenge mfumo wa shule peke yake. Sera ya maji ya 2002 ilitaka kituo cha maji kiwe ndani ya mita 400 kutoka kwenye makazi, kituo kimoja watu 250. Toeni bomba nje ya uzio, kwenye ile njia ya bibi, chombo cha watumia maji cha jamii kisimamie. Mtoto wa bibi yule ndiye atakayelinda pampu yenu usiku.

#8 – Mdau, Kitui

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Hapa kwetu Kitui kuna Nyumbani Village, mnaweza kuja kuiona. Ilianzishwa kwa ajili ya mayatima wa ukimwi. Walipata ardhi ekari 1,000, wakajenga nyumba ambazo nyanya mmoja, au babu, anaishi na watoto kama kumi hivi, wajukuu wake wa damu pamoja na wengine. Shule iko ndani, ya ufundi pia iko.

Nilichopenda ni kwamba walipanda miti, hasa mukau, mti wetu wa hapa ukambani unaovumilia ukame na mbao zake ni nzuri. Nia ni kwamba misaada ikipungua, msitu ulipe. Lakini mti hauna haraka, mukau unangoja miaka kumi na zaidi. Kwa hivyo kama mna ekari 40 na shule mnaitaka baada ya miaka mitano, pandeni mwaka huu. Msingoje jengo liishe.

#9 – Mdau, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Singida, niko Oman kwa kazi. Swali langu: kwa nini msikate viwanja upande mmoja mkatuuzia sisi tulio nje? Mimi leo nachukua viwili. Pesa hiyo inajenga madarasa manne bila mkopo, na sisi tunapata pa kurudia uzeeni.

#10 – Mtoa mada

Wakuu, nimesoma kila mchango mara mbili, wa #7 nimeuchapisha nikampelekea kaka.

Ndugu wa Muscat, waalaykum salaam. Nia yako naiheshimu na najua unasema kutoka moyoni. Tulilifikiria hilo la viwanja kwenye kikao cha kwanza. Wasiwasi wangu ni huu: nyumba za watu walio mbali zinakaa na kufuli. Kijiji cha shule chenye nyumba ishirini zilizofungwa hakina wateja wa duka, hakina wazazi wa kuhudhuria kikao, hakina mtu wa kukimbiza ng'ombe akiingia kwenye bustani ya shule. Halafu ukiuza kiwanja umekula mara moja. Wenzetu wa Rwanda wana mfano naupenda, Agahozo-Shalom kule Rwamagana, kijiji cha vijana yatima kilichofunguliwa 2008. Sehemu ya ardhi yao waliikodisha kwa kampuni ya umeme wa jua, mtambo wa megawati 8.5, na kodi inasaidia kijiji. Ardhi bado ni yao. Sisi hatuna wa kukodi wa namna hiyo, ila kanuni naiona inafaa: kodisha, usiuze. Kama unataka kuweka hela, njoo tuijadili kwenye mashine ya alizeti, tukulipe kwa makubaliano. Kiwanja cha kurudia uzeeni, omba kijijini kama mwanakijiji, siku ukirudi.

Dada wa Mbeya, nimeona aibu ya kweli. Choo kilikuwepo kwenye mchoro, kimewekwa nyuma ya jiko, upande upepo unakotokea. Kimehamishwa, na bweni limeondolewa kabisa.

Wa #5, mirathi tumefungua wiki hii mahakama ya mwanzo. Dada yetu wa tatu ndiye tumempendekeza awe msimamizi, kwa sababu ndiye pekee ambaye sisi wengine watano hatujawahi kugombana naye.

Kuhusu walimu niongeze jambo. Nimekaa nao, mimi ni mmoja wao. Mwalimu wa kijijini haondoki kwa sababu ya mshahara peke yake. Anaondoka kwa sababu ya chumba cha kupanga kinachovuja, michango ya NSSF isiyopelekwa, na kwa sababu mke au mume wake hana cha kufanya pale. Kwa hiyo kwenye mpango wangu nyumba ya mwalimu inatangulia jengo la tatu na la nne la darasa. Robo ekari ya bustani nyuma yake. Na mwenza wake apewe nafasi ya kwanza kwenye ghala, jiko au karakana kama ana uwezo. Serikali ikimwita, aende kwa amani, lakini awe na sababu ya kufikiri mara mbili.

#11 – Mdau, Ikungi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mzazi, naishi wilaya hiyo hiyo, kijiji kingine. Nimesita kuandika lakini naona niseme.

Kijijini kwenu kuna shule ya msingi ya serikali. Naijua, nimepita pale. Madarasa hayatoshi, watoto wa darasa moja wanazidi 45 mbali sana, walimu ni wachache. Nyie watoto wa kijiji mliosoma, mliofika mnakofika, mnarudi kujenga shule ya pili ya msingi kando ya ile, yenye ada. Wenye uwezo kidogo watawahamishia watoto kwenu. Ndio hao hao wanaobanana na mwalimu mkuu kwenye kikao, ndio wanachangia chakula. Wakitoka, ile shule inabaki na watoto wa wasio na sauti. Yule bibi wa kijiti, wajukuu zake watakuwa upande gani wa uzio?

Siwakatazi. Ardhi ni ya baba yenu. Nauliza tu, kama mzazi.

#12 – Mdau, Arusha

Mchango wa #11 ni mzito lakini usimkatishe tamaa mtoa mada. Huku kwetu Moshono kuna St Jude's, ilianza 2002 na wanafunzi watatu, ni shule ya watoto wa familia maskini wenye uwezo darasani, hawalipi. Kwa hiyo binafsi si lazima iwe ya wenye nacho. Ila ukweli usemwe: inabebwa na wafadhili wengi wa nje, na kuwatafuta ni kazi ya kila siku. Msijidanganye kwamba mtafanya hivyo huku mna ajira zenu mjini.

#13 – Mtoa mada

Mzazi wa Ikungi, marahaba, na asante. Nimekaa na swali lako siku nne bila kujibu kwa sababu sikuwa na jibu.

Jana nilimpigia kaka mkubwa. Nilimsomea ulivyoandika, neno kwa neno. Alinyamaza muda, halafu akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia: yeye darasa la kwanza alisomea ile shule ya serikali chini ya mti, na geti lile lenye jina la mzee alilitaka kwa sababu mzee alichangia tofali za jengo la kwanza la darasa pale na jina lake halipo popote. Tumeongea saa nzima.

Mpango umebadilika. Shule ya msingi hatujengi. Ile iliyopo ndiyo shule ya kijiji. Sisi tujenge kile ambacho haina na ambacho kijiji kizima hakina. Tangu 2024 sekondari zimeanza mkondo wa amali, lakini huku kwetu mtoto anafundishwa ufundi kwa kuandika ubaoni, hakuna randa wala mashine ya kuchomelea. Kwa hiyo katikati ya ekari zile iwe karakana: useremala, uchomeleaji, umeme wa jua, ushonaji. Inafanya kazi za watu kwa hela na inafundisha hapo hapo. Wa #2 alitaja Litowa. Na mimi nikakumbuka Serowe, Botswana, ambako Patrick van Rensburg alianzisha shule ya Swaneng Hill mwaka 1963, na 1965 akaona vijana wanaomaliza msingi hawana pa kwenda, akaunda vikosi vya ujenzi: kijana anajifunza uashi kwa kujenga majengo ya kweli yanayolipiwa, na malipo yanagharamia mafunzo. Vikosi vile vilienea nchi nzima ya Botswana. Hicho ndicho kinachonifaa kuliko madarasa saba. Nyumba ya kwanza ya mwalimu itajengwa na vijana hao, kwa tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, zisizochomwa, maana miti ya kuchomea tofali Ikungi imekwisha.

Sekondari ya amali iliyosajiliwa inaweza kuja baadaye, chini ya bodi ya wadhamini, ikiwa karakana na ghala vimesimama miaka mitatu bila kuomba. Lile jengo la darasa ambalo mzee alichangia tofali, paa lake limeoza. Tunalianza hilo mwezi ujao, kwa kibali cha kamati ya shule. Kaka ndiye anatoa bati.

#14 – Mdau, Ikungi

Kaka, nimesoma mara tatu. Siku ya kupaua niambieni, nitakuja na vijana wangu wawili na chakula chetu.

#15 – Mdau, Singida mjini (maji)

Hongereni. Sampuli ya maji mmechukua lakini?

#16 – Mtoa mada

Mkuu, Jumamosi. Tunachukua kwenye kisima cha pampu ya mkono kilicho jirani na mpaka wetu, na kwenye mchanga wa korongo, ili tulinganishe. Bibi wa kiremba cha bluu ndiye atatuonyesha pa kufukua. Amesema tufike alfajiri, kabla ng'ombe hawajashuka. Majibu nitayaweka hapa hapa.